Mikono ya Bi Asumini

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa kamera. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na Fundi Mkuu wa studio moja ya Majengo, hapa Songea, alinisimamisha mlangoni asubuhi nzima. Adhuhuri akaniuliza nimeona nini.

"Watu wanapita, mzee. Na mama mmoja anauza ndizi."

"Kivuli cha huyo mama kilikuwa upande gani?"

Sikujua.

"Basi hujaona," akasema. "Rangi inadanganya. Sisi tunapiga mwanga na kivuli. Kesho simama tena."

Nilisimama siku tatu. Ya nne akaniingiza chumba cha giza, kilichowaka taa nyekundu tu, akanifundisha kusafisha picha: karatasi inalowekwa kwenye dawa, na sura inajitokeza polepole kama mtu anayekuja kutoka kwenye ukungu. Wateja walitaka picha za pasipoti na za harusi. Mimi, mkanda ukibakiza picha mbili tatu, nilikwenda kupiga sufuria zilizoanikwa juani, mahindi juu ya mkeka, au baiskeli iliyoegemezwa kwenye ukuta wa matofali. Vitu nilivyokuwa navipita kila siku vikaanza kunisimamisha.

Picha hizo ndizo zilizomvutia Afisa Habari mmoja, akanichukua ofisini kwake. Alinituma Namtumbo kwenye tumbaku, na mwaka uliofuata Tunduru, msimu wa korosho. Huko, kijiji cha nje ya mji, nilimkuta Bi Asumini, bibi wa Kiyao, amekaa kibarazani anabangua korosho. Mafuta ya maganda yalikuwa yameibabua mikono yake na kuitia weusi, na katikati ya weusi ule korosho iling'aa. Sijaona kitu kizuri kama kile.

"Shikamoo, bibi. Naomba nikupige picha."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja basi." Aliingia ndani, akanawa uso, akatoka na ushungi safi. "Sijapigwa picha tangu nizaliwe. Utaniletea, inshallah?"

"Nitakuletea, bibi."

Nilipiga moja tu, maana mkanda ulikuwa unaisha. Nilipofika kwenye mashine ya kukuzia picha, katika chumba cha giza cha ofisi, nikaikata: uso nikauacha nje, nikabakiza mikono. Ilitundikwa kwenye maonyesho, watu wakasimama mbele yake, Afisa Habari akanipongeza. Nakala yenye uso nilisema nitaitoa wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa msimu ujao. Kisha ofisi ikahamia picha za rangi, na nilipokuwa safarini chumba cha giza kikafanywa stoo. Negativu zote, ile mikanda iliyosafishwa ambayo picha hutolewa humo, zikatupwa.

Miaka kadhaa baadaye nilikwenda Tunduru na picha ya mikono ndani ya bahasha. Nikamkuta binti yake, Zuhura, mwanamke mtu mzima.

"Mama ametangulia mbele ya haki," aliniambia. "Kila akisikia gari linasimama alikuwa anauliza, 'Si yule mpiga picha wa Songea?'"

Nikampa bahasha. Aliitazama picha muda mrefu, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena.

"Mikono ni yake," akasema. "Mama mwenyewe yuko wapi?"

Nilimwomba radhi, nikampa pole ya msiba. "Tumeshapoa, baba," akasema, akanikaribisha chai. Lakini picha akairudisha kwenye bahasha, akanipa niondoke nayo.

Sasa nimestaafu. Watu wenye simu nzuri huja nyumbani kuniuliza habari za picha nyeusi na nyeupe, nami nawaonyesha jinsi mwanga unavyolala kwenye sinia au kwenye kanga iliyoanikwa. Sijutii kuipenda mikono ile. Najutia kwamba mwanamke alinawa uso kwa ajili ya kamera yangu, nami nikaukata.

Kabla hawajaondoka hunionyesha picha za watu walizopiga, nami huwauliza: huyu uliyempiga picha, umempa yake? Wengi hucheka, wanasema watamtumia kesho. Mimi sicheki.