Kundi Baya la Mwalimu Chukulia

Mdogo wangu wanafunzi wake walimpa jina la Chukulia, kwa sababu kila kipindi alikifungua kwa neno hilo. Anafundisha hesabu chuoni, ila si hesabu za kujumlisha. Hizo anazikosea hata dukani. Kazi yake ni makundi yasiyo na mwisho. Kwa nilivyoelewa mimi wa darasa la saba, kundi kwao ni mkusanyiko wa mageuzo: geuza hivi, kisha geuza vile, na kila ulichogeuza kuna namna ya kukirudisha. Mengine hutayamaliza hata ukihesabu mpaka kiama. Wenzake wanataka kuyapanga kwa koo, na njia yao ni kuangalia ni sentensi gani zinaweza kusemwa juu ya kundi. Kinachoelezeka kwa sentensi kinapimika. Kisichoelezeka, marufuku kukipima.

Koo zenyewe wanazijua. Shida ni kwamba huenda kuna kundi lisilo na ukoo. Hakuna aliyeliona, na hakuna aliyethibitisha kwamba halipo. Wanaliita kundi baya, na mdogo wangu amelifukuza miaka ishirini na sita.

Sasa sikia namna ya kulifukuza. Huanzi kwa kusema halipo. Unasema, chukulia lipo. Unalikaribisha, unaliketisha, unalihoji mpaka lijifunge kwa maneno yake lenyewe. Kila asubuhi alilikaribisha. Kiumbe gani ukikikaribisha miaka yote hiyo kisizoee nyumba?

Chumba chake cha kazi kina viti viwili, na cha pili hakuna mtu aliyekikalia. Saa nane mchana, jua kali, ukienda hapo unajikuta umepunguza sauti. Ukiongea naye anatazama pembeni kidogo ya bega lako, kana kwamba aliye nyuma yako hajamaliza kusema. Siku moja nilimkuta akisema, "Hapana, hilo ulishalikana jana." Nikamuuliza anaongea na nani. Akafunga daftari.

Mkewe, wifi yangu, ni muuguzi, mwanamke asiyeogopa maiti. Alivumilia mpaka akachoka.

"Wifi, mke mwenza mwenye miguu ningepigana naye," aliniambia akifunga sanduku. "Huyu hata sijui nimshike wapi. Siku likiondoka, nitarudi."

Mwaka huu likaondoka. Alithibitisha kwamba halipo, kwa kurasa sitini na tatu. Jarida likazikubali, zikabaki kuchapwa tu. Mdogo wangu akaanza hata kunenepa. Wifi akapiga simu: anarudi Jumamosi.

Alhamisi mdogo wangu alikuja nilipokaa na cherehani yangu. Furaha ilimzidi, akataka hata mimi nielewe. Akavuta makopo yangu ya vifungo, kila rangi na kopo lake.

"Dada, chukulia makopo haya hayana idadi. Kila kopo natoa kifungo kimoja. Nilivyovitoa nikavipima, vikawa vikubwa kuliko kundi zima. Haiwezekani! Basi halipo."

"Kwenye kopo unatoa kipi?"

"Chochote."

"Chochote ndiyo kipi? Mteja akiniambia nishonee chochote, namfukuza. Vyote si vimefanana? Nielekeze kwa maneno, nami nitoe hichohicho."

Mkono wake ulikuwa ndani ya kopo la bluu, ukabaki humo.

"Nilichagua kwa macho," akasema taratibu. "Hakuna sentensi."

Alikuwa amepima kisichoelezeka. Ukurasa wa arobaini na moja. Wakaguzi wawili wa jarida walishapita hapo na miwani yao, wala hawakujikwaa.

Nilijuta kuzaliwa na mdomo. "Nyamaza tu," nikamwambia. "Nani atajua?"

"Lenyewe."

Niligeuka kutazama nyuma yangu. "Mjinga wewe! Si umesema lenyewe halipo?"

"Dada, hicho ndicho nilichoshindwa kuthibitisha."

Ijumaa akaliandikia jarida liiondoe kazi yake. Nilimsihi basi asimwambie mkewe mara moja. Aingie kwanza, ale, anyooshe miguu. Ndoa nayo inahitaji akili, si ukweli mtupu kila saa. Alikuwa akitazama pembeni ya bega langu tena.

Jumamosi asubuhi teksi ikasimama getini. Wifi akashuka na viatu vipya, kapendeza mpaka nikaona aibu kwa niaba yetu. Mdogo wangu akamfuata palepale, akamwambia bila hata salamu: kuna kosa, barua imeshakwenda.

"Kwa hiyo bado lipo?" wifi akauliza.

"Sijui kama lipo."

"Ungenidanganya, baba. Ningeamini."

"Ningeweza. Ungeishi na sisi wawili bila kujua."

Wifi akamnyoosha kola, akamfunga kishikizo cha juu, kama anayempeleka shule. Kisha akanigeukia mimi. "Wifi, huyu asipokumbushwa kula, hali," akasema, akaingia garini.

Sanduku halikuwa limetolewa kwenye buti, wala dereva hakuwa amezima injini. Wifi mwenyewe ndiye aliyemwambia asizime, kabla hata hajashuka.