Rangi Mbili za Mama

Kazi ninayofanya maabara, hapa Kibaha, ukimweleza mtu anacheka: nawafundisha bakteria ubishi. Wana kimeng'enya, kitu kidogo mno ndani ya mwili wao, kinachoikatakata dawa kabla haijawaua. Sisi tulitaka kimeng'enya hicho kistahimili joto, kitusaidie kuchunguza bakteria wa chemchemi za maji moto. Basi tunavuruga kidogo vinasaba vyake, tunatia dawa, tunapandisha joto. Wanyonge wanakufa. Waliobaki tunawachukua, tunawavuruga tena, tunaongeza moto. Siku sahani ya kuoteshea bakteria ilipoota pale ambapo hapakutakiwa kuota kitu, mwenzangu alipiga kigelegele mpaka mlinzi akaja kuuliza nani kaolewa.

Furaha hiyo nilikwenda nayo Kisarawe kwa mama. Nilimkuta barazani kaunyoosha mguu. Jembe lilikuwa limemkata juu ya vidole, naye ana kisukari.

"Shikamoo mama. Umekwenda hospitali?"

"Marahaba. Hospitali ya nini? Dawa ninayo."

Akatoa rangi mbili, kile kidonge chekundu na njano, akakifungua na kunyunyizia unga kidogo kidondani. Uliobaki akaufunga kwenye karatasi. Kidonda kikikauka juu, anaacha. Kikitoa maji, anaanza tena. Unga mwingine huwatilia kuku kwenye maji, wasishikwe na mafua. Mtaa mzima hufanya hivyo, na magoti yangu mimi utotoni yalikuwa ya njano kila nilipoanguka kwenye mchezo wa rede.

Nilipigwa na butwaa. Dawa kidogo, wanyonge wafe, wabishi wabaki, halafu tena. Mama yangu alikuwa akifanya kazi yangu juu ya mguu wake mwenyewe! Nikamfokea, Mungu anisamehe, naye akanijibu kwamba kusoma kumenifanya niogope hata vumbi. Hata hivyo nilimpakia kwenye gari siku hiyohiyo, nikampeleka hospitali.

Usaha ukapimwa. Majibu yalipotoka, mpimaji alinionyesha sahani: vipande vya karatasi vyenye dawa mbalimbali vimepangwa duara, na bakteria wameota mpaka ukingoni mwa karibu kila kimoja. Sahani ya namna hiyo ndiyo tuliyoipigia kigelegele.

Daktari alisema imebaki dawa moja ya mshipani, na ikishindwa, mguu utaondolewa. Mama alisikia yote. Jioni, dripu ikitiririka, akaniuliza:

"Hao wadudu wa kazini kwenu, mkishamalizana nao mnawauaje?"

"Tunawachemsha, mama."

Akautazama mguu wake.

"Huu hauchemshiki, mwanangu."

Jumatatu waliukata chini ya goti. Nilikuwa nimemshika mkono alipozinduka, nimejiandaa kwa kilio chake. Hakulia. Aliuliza kama kuku wametiliwa dawa.