Nilimwambia Binti Yangu Bega Limepona

Kosa ni langu. Si la mtaalamu wa hospitali, si la shule, wala si la maji. Ni langu mimi mama mzazi, na nililinyamazia mpaka mwanangu akashindwa kuvaa nguo zake mwenyewe. Naomba jina langu lisitajwe. Huku kwetu Kanoni tunajuana hadi kwa kikohozi.

Binti yangu nitamwita Koku, ingawa silo jina lake. Anasoma sekondari Mwanza, na huko ndiko alikojifunza kuogelea kwa mashindano. Mwalimu wake aliwahi kunipigia akasema, "Mama, huyu mtoto ana kipaji, tunamwandalia nafasi timu ya mkoa." Nilifurahi, lakini ukweli ni kwamba sikuelewa. Nani hapa kwetu ameshawahi kula kwa kuogelea?

Likizo iliyopita alirudi nyumbani akilalamika bega la kulia. Nilimpeleka hospitali, tukaonana na dada mmoja wa fiziotherapia. Nitamwita Jovina. Binti mdogo tu, mpole, anakuamkia shikamoo kabla hujakaa. Akamshika Koku mkono, akauzungusha taratibu, akabonyeza hapa na pale.

"Mama, hajavunjika," akaniambia. "Waogeleaji wanauzungusha mkono juu ya kichwa siku nzima. Misuli midogo inayolishika bega imechoka, imevimba. Tukiiimarisha atarudi majini, na hataumia tena ovyo. Lakini asinyanyue kitu kizito, asibebe kichwani, na msimkande."

Akampa mazoezi. Mengine ya kupandisha vidole ukutani polepole, mengine ya kuvuta ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, umefungwa kwenye mti. Akamwambia hata akipona asiyaache, ayafanye kila mara kabla ya kuingia majini, ndiyo kinga yake.

Basi! Hiyo ndiyo dawa niliyoipandia gari. Hakuna sindano, hakuna kidonge, ni kuvuta mpira!

Koku aliyashika yale mazoezi kama sala. Asubuhi yuko ukutani. Jioni yuko kwenye mti wa kahawa na ukanda wake. Na huo ulikuwa msimu wa kahawa, jamani. Mimi na baba yake tunachuma, tunabeba, tunaanika, mgongo umekufa, na msichana mzima mwenye afya yake amesimama anavuta mpira! Jirani yangu Mama Revo akipita njiani anacheka: "Waitu, jamani, binti yako siku hizi kazi yake ni kupima ukuta?"

Nilicheka naye. Moyoni niliungua.

Ikakaribia sikukuu ya mavuno kanisani. Wa huku mnaijua. Kila nyumba inapeleka ilichojaliwa, na sisi tangu enzi za mama mkwe tunapeleka mkungu mkubwa wa matoke kuliko wote, na anaubeba binti wa nyumba, kichwani, hadi mbele ya madhabahu. Mwaka huo kibanja, shamba letu la migomba, kilikuwa kimetoa mkungu ambao watu walikuja kuutazama. Nilitaka Koku aubebe. Nilitaka Mama Revo amwone!

Jumamosi simu ikalia. Kwetu nyumbani simu ni moja, ninayo mimi. Alikuwa Jovina.

"Shikamoo mama. Koku anaendeleaje?"

"Marahaba. Hasikii maumivu tena."

"Afadhali. Lakini hapo ndipo pa kuwa mwangalifu, mama. Maumivu yametangulia kuondoka, nguvu bado hazijarudi. Asibebe chochote mpaka nimwone tena. Utamwambia?"

"Nitamwambia, mwanangu. Asante sana."

Nikakata. Koku alikuwa ameshatoka jikoni, mikono ina unga, macho yote kwangu. "Ni dada Jovina? Amesemaje?"

Nikasema, "Amesema umepona. Endelea na kazi zako."

Ee Mungu wangu! Yule mtoto aliruka! Alinikumbatia, unga wote ukanijaa kwenye kanga, akalia kwa furaha. Akaomba simu hapo hapo akampigia mwalimu wake: narudi, mwalimu, nimepona, niwekee nafasi yangu. Mimi nimesimama pale nasikiliza. Ningeweza kusema. Mdomo ninao! Nikaufungua ule ukanda wa tyubu kwenye mti wa kahawa, nikaenda nao zizini nikafungia mlango wa mbuzi.

Jumapili nilimtwika mkungu kwa mikono yangu hii. Akaenda vizuri, shingo imenyooka, watu wanapiga vigelegele, na mimi nyuma yake nimejaa kiburi hadi kooni. Alipofika mbele akanyanyua mikono autue. Mkono wa kulia ukagoma. Alitoa sauti moja ya kumwita mama kwa kikwetu, "Mawe!", mkungu ukaanguka, matoke yakatawanyika chini ya viti. Akaanguka juu yake ameshika bega.

Na bado sikusema! Nilipofika nyumbani nikamkanda kwa samli ya moto, kitu tulichokatazwa, huku akipiga kelele. Asubuhi bega lilikuwa limevimba na mkono haupandi hata usawa wa kifua.

Baba yake akasema twende kwa Jovina. Koku akakataa katakata. "Yule dada ni mwongo. Alisema nimepona. Siendi kumwona tena mtu yule!"

Mnaona nilipojifikisha? Mtu pekee wa kumsaidia mwanangu, mwanangu anamchukia kwa ajili ya maneno yangu. Mume wangu naye akamtukana yule binti wa watu, na mimi niko pale pale nachambua maharage. Jovina akipiga, nazima simu. Shule ilipofunguliwa mwalimu akasema wamempa mwenzake ile nafasi, Koku atulie kwanza nyumbani. Alilia mpaka sauti ikakauka. Usiku sikulala, mchana sikula. Nilikuwa nafikiri nikisema atanichukia, nisiposema atabaki na mkono mmoja. Nikachagua kunyamaza, nikijiambia ni huruma.

Kilichonivunja ni blauzi. Aliniita chumbani asubuhi moja, amesimama blauzi imekwama shingoni, mkono umeshindwa kupita. "Mama, nivalishe." Msichana mkubwa hivyo! Aliyekuwa anakata maji watu wakipiga makofi!

Nilikaa chini nikamwambia yote.

Hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu: "Dada Jovina alipokwambia bado, ulimjibu nini?"

Nikasema, "Nilimjibu asante."

Alitoka na blauzi yake vile vile, nusu imevaliwa. Akaenda zizini, akafungua ule ukanda wa tyubu kwa mkono wa kushoto na meno. Mbuzi wakatoka wote.

Tulirudi hospitali. Nilimwomba Jovina radhi mbele ya mume wangu, aibu imenifunika uso. Hakunisema vibaya, na ingekuwa nafuu angenisema. Alisema kilichokuwa uchovu sasa ni mchaniko, itachukua muda mrefu sana, na kama atarudi kuogelea kwa mashindano hawezi kuahidi. Kisha akasema kwa upole ule ule: "Mama, tunaanza upya. Ila safari hii nikipiga simu nitaongea na Koku mwenyewe."

Wazazi wenzangu, mtoto akipewa mazoezi msiyadharau kwa sababu hayana uchungu wa sindano. Msione mtu anavuta mpira mkadhani anacheza, ndiyo kazi yake hiyo. Akiambiwa bado, ni bado! Na kama umeshadanganya, usingoje kama nilivyongoja mimi. Sema leo, kabla hajaja kukuomba umvalishe.

Siku hizi simu ya Jovina ikiingia sipokei. Naikimbiza inalia mkononi, popote Koku alipo, nampa. Anaipokea kwa mkono wa kushoto, ananiangalia, anasubiri nitoke nje kwanza. Nikishafika kwenye migomba ndipo namsikia anasema haloo.