Ukuta wa Mzee Bakari

Nakumbuka Jumamosi Kuu moja, wanangu, Mzee Bakari alipokuja kanisani na ndoo ya udongo wa kichuguu, akasimama mbele ya ukuta mpya wa matofali, akakosa pa kuuweka udongo wake. Nimesikia ninyi vijana mnataka kulizungushia kanisa uzio. Sina ugomvi na uzio. Lakini kabla hamjachimba msingi nisikilizeni kidogo, maana wengi wenu mnadhani parokia hii ilianza na jengo mnaloliona.

Mimi mwenyewe si wa huku. Nilizaliwa Kongwa, nikaletwa Mtwara na ndoa, mume wangu alipopata kazi bandarini. Jumapili ya kwanza nilikuta ubani, kengele na watu wanapiga magoti kila mara, nikamnong'oneza mume wangu kwamba tumekosea njia, tumeingia kwa Wakatoliki. Kwetu Ugogoni Waanglikana hatukuwa na mambo hayo; kumbe Waanglikana wa huku wanayo. Akanikanyaga mguu ninyamaze. Kanisa lenyewe lilikuwa la miti na udongo, makuti juu, nikaziangalia zile kuta kwa dharau. Mtu nimezaliwa ndani ya tembe, halafu naona haya kusali kwenye udongo.

Walioanzisha parokia hii walikuwa Wamakua na Wamakonde, wengine wametoka upande wa Masasi, wengine wamevuka Ruvuma kutoka Msumbiji kwa mitumbwi pale Kilambo wakikimbia vita. Hawakuwa na pa kusalia. Aliyewapa mahali ni Mzee Bakari, Mwislamu, mkulima wa korosho na mihogo. Aliwakatia ukingo wa shamba lake, wakajenga. Masika ya kwanza mvua ikaubomoa ukuta wa upande wa shambani, na waumini walikuwa wamekwenda kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma, kumzika mwenzao. Waliporudi, sikukuu ya Pasaka imeshafika mlangoni, walikuta ukuta umekandikwa upya. Mzee Bakari alisema hakupenda wageni wake wasali sikukuu huku wanachunguliwa na mbuzi.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila Jumamosi Kuu, mvua zikiwa zimeshazilamba kuta, kila familia ilikandika kipande chake, na upande wa shambani ulikuwa wa Mzee Bakari. Mgeni akihamia hapa hakuulizwa amebatizwa wapi. Aliulizwa anakandika wapi, na akishaonyeshwa kipande chake basi, ni mtu wa hapa.

Mimi nilionyeshwa kipande pembeni ya chake. Nilikuja na kanga yangu nzuri, nikawa nashika udongo kwa ncha za vidole. Mzee akaniangalia, akaniuliza kama Wagogo siku hizi wanakandika nyumba au wanazipaka poda. Nikamjibu kwamba kwetu udongo ni udongo, hatuuokotezi kwenye vichuguu kama kumbikumbi. Akacheka sana. Kisha akanionyesha: udongo unakanyagwa mpaka unashikana, unaurusha kwa nguvu uingie kati ya fito, halafu ndiyo unausawazisha kwa kiganja. Kila mwaka tulikutana pale, tukataniana pale. Nilikuwa sina baba huku. Nawaambia kweli, nilimpenda yule mzee.

Mji ukakua, sisi watu wa bandari na wa maofisi tukawa wengi, na tukaanza kulionea aibu kanisa letu. Mchwa walikuwa wanalila, hilo si uongo, na matofali si dhambi. Nami nilisimama kwenye kikao nikasema tujenge. Tulimwarifu askofu, tukaiarifu serikali ya mtaa, tukaalika kwaya za jirani. Masika yale Mzee Bakari alikuwa Kitaya kwa binti yake, anauguza mguu. Watu wetu walikwenda Kitaya kila mara kufuata samaki na kusalimia ndugu, na hakuna hata mmoja aliyempelekea habari. Kila mtu alidhani mwenzake ameshamwambia. Kwa hiyo kanisa la udongo lilivunjwa, la matofali likasimama, na mwenye ukuta wa upande wa shambani hajui.

Alirudi Jumamosi Kuu kwa sababu ilikuwa Jumamosi Kuu. Alipitia shambani kwake kwanza, akachimba udongo, akaja na ndoo. Sisi tulikuwa tunapamba maua. Alipiga hodi, akasimama, akauangalia ukuta kutoka juu mpaka chini, akaupitisha kiganja taratibu.

"Hongereni," akasema. "Mmejenga." Kisha akatugeukia. "Sasa mie nikandike wapi?"

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mtu mwema kabisa, akamshika mkono akamwambia sasa apumzike, kazi ya udongo imekwisha. Mzee akashukuru. Akaomba maji, akanawa mikono, akaondoka akichechemea. Ndoo aliiacha mlangoni.

Bibi Agata, mjane wa katekista wetu wa kwanza, alikuwa amekaa kwenye benchi na aliyasikia yote. Alimwangalia mwenyekiti, akasema, "Mmemfukuza mtu nyumbani kwake kwa heshima." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe uliyekuwa unakandika naye, umekaa na maua yako? Mfuate."

Sikumfuata, wanangu. Nilikuwa na joho la kwaya la kupiga pasi na wali wa sikukuu, nikajiambia nitakwenda Pasaka ikipita. Ilipopita nikaambiwa amesharudi Kitaya. Nikasema atakuja tu, si shamba lake liko hapa. Kabla ya Kwaresima iliyofuata tulisikia kwamba amefariki na ameshazikwa. Watu wake hawakutuletea habari, na tungewalaumu vipi? Nililia siku ile kama nilivyomlilia baba yangu, na mpaka leo nikisikia harufu ya udongo uliolowa, moyo unaniuma.

Shamba sasa ni la mjukuu wake, Salumu. Mnamwona anakatiza uwanjani kwetu na baiskeli yake. Anatusalimia vizuri, ana adabu ya babu yake, lakini anatusalimia kama anavyosalimia watu wa benki. Hajui kwamba ana upande kwenye kanisa hili. Hakuna aliyemwambia, na wa kumwambia nilikuwa mimi. Huo uzio wenu utapita katikati ya njia yake.

Mnanicheka kila Jumamosi Kuu mkiniona nakandika lile jiko la nyuma ya kanisa, mnasema bibi anachezea matope. Lile jiko ndilo peke yake lililobaki la udongo. Hamjaniuliza kwa nini ukuta wake mmoja una nyufa mpaka fito zinaonekana. Ni ukuta wa upande wa shambani. Siugusi kwa sababu si wangu.

Basi neno langu ni hili. Kabla hamjapeleka kokoto, nendeni kwa Salumu. Msiende kumtaarifu, nendeni kumuuliza. Mkalie mkeka wake, mmweleze babu yake alikuwa nani kwetu, na kama mtaona haya kulisema kosa letu, nichukueni mimi nikaliseme. Magoti yamechoka lakini mdomo bado upo. Muulizeni lango la upande wa shambani likae wapi. Halafu mwonyesheni ule ukuta wa jiko. Akikataa, ana haki yake. Na jambo lolote mtakalojenga hapa maishani mwenu, jiulizeni kwanza nani alikuwa anakandika pale mnapotaka kubomoa, na aambiwe na kinywa cha mtu, mapema, akiwa hai.

Mungu awabariki, wanangu, awape nguvu za kujenga na akili ya kukumbuka. Awajalie jirani wa kuwakandikia ukuta wakati ninyi mko msibani. Na siku mtu atakaposimama mlangoni kwenu na ndoo mkononi, akauliza akandike wapi, Mungu awape cha kumjibu.