Cornelia Aenda Kumlilia Baba

Basi la kutoka Mbeya lilipofika Mpui, Cornelia alivuta pazia la dirisha akajificha uso. Kondakta aliita, "Wa Mpui, Mpui mwisho wa kujisahau!" Wakashuka kina mama wawili na mzee mmoja mwenye kuku, mizigo ikateremshwa, basi likaondoka. Mtu amepanda ndege tatu kurudi kwao, amefika kwao, kisha anakataa kushuka. Alipita nyumbani kwa mama yake kama abiria mwingine yeyote anayekwenda zake Sumbawanga mjini. Lakini kabla hatujamcheka, tujue kwanza alikuwa anaogopa nini.

Alikuwa anaogopa kulia. Au niseme vizuri zaidi: alikuwa anaogopa kwamba hatalia.

Baba yake, Mzee Yusto, alifariki mwaka juzi wakati wa masika. Cornelia alikuwa Uswidi, kibali chake cha kuishi kikiwa kinashughulikiwa, na aliambiwa wazi kwamba akitoka nje ya nchi kabla hakijatoka, mlango wa kurudi asiutegemee. Akabaki, na kibali chenyewe kilikuja kutoka mwaka huu. Mazishi aliyaona kwenye simu, akiwa amejifungia kwenye chumba cha mashuka kazini, nyumba ya kutunzia wazee, rafiki yake Atuganile akiwa amesimama kaburini Mpui ameinua simu juu ya vichwa vya watu. Jeneza lilipoanza kushushwa, mtandao ukakatika. Cornelia akabaki anatazama kioo cheusi mpaka kengele ikalia kutoka chumba cha bibi mmoja aliyetaka kuvuliwa soksi. Akaenda, akamvua soksi. Siku ile hakulia, na siku nyingine zilizofuata hakulia pia.

Kwetu Ufipa jambo hilo lina utaratibu wake. Mtoto aliyekosa kumzika mzazi hafiki nyumbani kwa vicheko. Haulizi hali, hanywi maji, hafungui begi. Anaanza kulia akiwa njiani, sauti yake inatangulia, wa nyumbani wanaisikia na kutoka kumpokea kwa kilio chao. Mnaliliana, mnakwenda kaburini, ndipo mnarudi kunywa maji na kuulizana habari za safari. Ukiingia na macho makavu umewaambia watu kwamba aliyekufa hakuwa wako.

Na juu ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine, kubwa kuliko hiyo. Tangu mazishi, mama yake, Luciana, hakuwa na maneno mengi ya kumwambia. Cornelia akipiga simu, mama anasema, "Sisi tupo. Mvua zipo. Haya, ongea na Mary," na simu inahamia kwa dada yake mkubwa. Mary akiwa kwa mumewe, huko Laela, basi simu inaishia hapohapo kwenye mvua. Cornelia aliyapima maneno hayo usiku na mchana, akahitimisha kwamba mama hajamsamehe. Kwa hiyo alikuwa anakwenda kwa mama aliyemnunia, akiwa na kilio ambacho hana uhakika nacho. Na wewe ungevuta pazia.

Atuganile alimpokea stendi. Huyu ni mwenyeji wa Tukuyu aliyefuata biashara ya vitenge Sumbawanga akasahau kurudi. Walijuana zamani, Cornelia alipokuwa mhudumu wa wodi hospitalini mjini, anapiga deki na kubadilisha mashuka, wamepanga vyumba jirani pale mtaa wa Chanji. Muuguzi mmoja wa Kiswidi aliyekuja kujitolea alimwona Cornelia akiwageuza wagonjwa bila kuwaumiza, akamsaidia kupata nafasi ya kusomea kazi ya kutunza wazee kwao Uswidi. Mwaka wa tisa huu Cornelia anawalisha, anawaogesha na kuwashika mikono baba na mama za watu wengine. Mmoja akifariki, anamfuta uso, anafungua dirisha kidogo kama desturi yao ilivyo, kisha anakwenda chumba kinachofuata na chai. Ni kazi ya heshima na anaipenda, ila haina nafasi ya kulia. Ukilia kwa huyu, chai ya yule inapoa.

"Umepita Mpui hukushuka?" Atuganile aliuliza walipokaa kula. "Mama yako akisikia umelala Chanji kabla ya kufika kwake, hapo ndipo utakuwa na msiba wa kweli."

"Atu, machozi sina," Cornelia alisema. "Nimejaribu. Nimeangalia picha ya baba kwenye ndege mpaka jirani yangu akaniuliza kama naumwa macho. Hayatoki."

Atuganile akaacha kutafuna. Wanyakyusa hawana mzaha na msiba, na kwake yeye mtu asiyeweza kulia ni sawa na mtu asiyeweza kumeza, ni mgonjwa wa kutafutiwa tiba.

"Basi mimi nitaanza," alisema. "Sauti ninayo, Mungu kanipa. Tukifika kwenye kona ya kigango naangua kilio, wewe unainamisha kichwa unanifuata. Mama akitoka atakukuta tayari umo ndani ya kilio. Yako yatakuja yenyewe."

"Na yasipokuja?"

"Utajifunika kanga. Kanga imewasitiri wengi."

Wahenga wanasema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Marafiki hawa wawili waliamua kuwarekebisha wahenga, na wote tunajua anayewarekebisha wahenga huishia wapi.

Asubuhi wakapanda gari dogo kurudi Mpui. Nyasi zilikuwa zimesimama mpaka kiunoni pande zote za barabara, mvua za mwisho mwisho, baridi ile ya kwetu inayoingia kwenye mikono ya sweta. Wakashuka, wakaacha begi kubwa dukani, wakajifunga kanga kiunoni, nyingine mabegani, na kushika njia ya miguu. Kwenye kona ya kigango, kanisa dogo la kijiji, Atuganile akasafisha koo, akaachia.

Sauti ile haikuwa ya mchezo. Kunguru waliruka kutoka kwenye bati la kigango. "Baba yeee! Baba umetuacha na nani!" Cornelia alimfuata nyuma, kichwa chini, kanga usoni, macho yamekauka kama alivyoahidi. Wakaingia uani kwa Luciana. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Jiko la nje lilikuwa baridi. Hapakuwa na mtu, ila kuku.

Kilichotokea ni kwamba Luciana alikuwa shambani. Huo ndio wakati wa ntumba, ambapo kina mama hufyeka nyasi na kuzifukia chini ya marundo ya udongo zioze, ili mwakani udongo ule utandazwe na kupandwa. Jumuiya yao huifanya kazi hiyo kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na siku hiyo walikuwa mbali kidogo, ng'ambo ya kijito. Hakuna aliyemwambia Luciana kuwa mwanawe anakuja siku hiyo, kwa sababu mwanawe mwenyewe, kwa woga, alikuwa amesema tu "wiki hii."

Basi simama mahali pa Isdori, jirani wa Luciana, na pia katekista wa kigango. Jumapili iliyopita Luciana hakuonekana kwenye ibada, wakasema anakohoa. Leo asubuhi hujamwona. Mara kilio kinaanguka uani kwake. Unachungulia juu ya ua: mwanamke wa mjini anajitupa chini, na pembeni yake yule Cornelia wa ng'ambo, aliyefika ghafla bila taarifa, amejifunika uso. Mtu hatoki Ulaya ghafla bila sababu. Isdori akajumlisha, akapata jibu. Akamtuma mtu akagonge kengele ya kigango, ile rimu ya lori iliyoning'inizwa, kwa mapigo ya polepole yanayojulikana maana yake. Yeye mwenyewe akaingia uani analia.

"Pole mwanangu Cornelia," alisema, akimshika mabega. "Pole sana. Baba hukumuwahi, na mama naye hukumuwahi."

Cornelia akatoa kanga usoni. Akamtazama Isdori, na Isdori alikuwa analia machozi ya kweli. Akatazama mlango uliofungwa na jiko lisilo na moto. Isdori aliamini Cornelia ndiye anayejua, Cornelia akaamini Isdori ndiye anayejua, na kengele ilikuwa inagonga. Watu wakaanza kumiminika uani, kila anayeingia akiongeza kilio chake juu ya kile alichokikuta. Atuganile, aliyekuwa anatafuta namna ya kupumzisha koo, aliposikia habari hiyo alinyamaza kabisa, kisha akaanza upya kwa sauti nyingine isiyokuwa na maandalizi.

 Cornelia akakaa kwenye udongo wenye unyevu na sauti ikamtoka kutoka mahali alipokuwa hajui kama bado pana sauti. Alimlilia mama yake. Alimlilia baba yake, akamwita kwa jina alilomwita akiwa mtoto, kwa Kifipa. Akalia kwa ajili ya kioo cha simu kilichokuwa cheusi, na kwa ajili ya wale wazee wa watu aliowafuta uso mmoja baada ya mwingine bila kusema neno. Wanawake wawili walimshika asianguke kifudifudi. Alisema mara nyingi kwamba angeshuka jana. Jana basi lilipita hapa, angeshuka, angemkuta.

Kule shambani kina mama walisikia kengele, wakatupa mafyekeo. Walikimbia wote, na Luciana alikuwa wa mbele, matope mpaka magotini, jembe begani amesahau kuliacha. Mama wa watu alikuja mbio msibani, huku kila hatua akiomba usiwe kwa fulani, usiwe kwa fulani, na kila alipopita nyumba akakuta si hiyo, mpaka akaona umati umejaa uani kwake. Akapenya katikati ya watu.

"Ni nani?" aliuliza kwa pumzi iliyokatika. "Kwangu amekufa nani?"

Vilio vikazimika kimoja kimoja. Mama mmoja akapiga ishara ya msalaba. Isdori alimtazama jirani yake kutoka kichwani hadi kwenye matope ya miguuni.

"Ni wewe, dada," alisema.

Luciana akawageukia watu, akawaangalia mmoja mmoja bila haraka.

"Haya, asanteni," alisema. "Mliokuja nimewaona. Na wasiokuja nimewaona pia."

Watu walitaka kucheka, lakini hakuna aliyethubutu kutangulia, kwa sababu Luciana alikuwa ameshamwona aliyekaa chini. Jembe likashuka begani polepole.

Cornelia alijiburuta mbele kwa magoti, akapiga makofi taratibu, kama binti wa kwetu anavyomsalimu mzazi. "Shikamoo mama," alisema, na machozi hayakusimama hata kwa salamu. "Nisamehe. Sikumzika baba. Najua umekasirika na mimi."

"Nimekasirika?" Luciana aliuliza. "Nani kakwambia?"

"Wewe, mama. Kila nikipiga simu hutaki kuongea na mimi. Unasema mvua, unampa Mary simu."

 Luciana alikaa chini palepale, akanyoosha miguu yake yenye matope, akamvuta mwanawe mpaka kichwa chake kikalala mapajani. Watu wote walijua wanasikia lisilowahusu, na hakuna aliyeondoka.

"Nilikuwa nikisikia sauti yako nataka kulia," alisema. "Nikawaza, nikilia na wewe utalia. Mimi hapa nina Mary, nina Isdori, nina jumuiya. Wewe huko ungelia, nani angekushika?"

 Tangu masika ya mwaka juzi Cornelia alikuwa amebeba hukumu ambayo haikuwahi kutolewa, na mama yake alikuwa amebeba kilio chake peke yake, anakificha nyuma ya habari za mvua ili mwanawe asiumie mbali. Alijisikia mjinga, na chini ya ujinga ule alijisikia amepona kitu ambacho hakikuwa na jina.

"Sasa lia," mama yake alisema. "Leo tupo wengi."

Akalia, na safari hii Luciana alilia naye, kwa sauti, jinsi ambavyo hata siku ya mazishi yenyewe hawakumsikia. Isdori, ambaye machozi yake yalikuwa bado hayajakauka, akaona si vizuri kuyapoteza, akaingia. Atuganile naye akaingia, lakini kwa adabu, nyuma ya wafiwa. Watu waliokuja kumzika Luciana wakakaa chini kumlilia Yusto upya, na Luciana mwenyewe alikuwa katikati yao, amemshika mwanawe kwa mikono yote miwili.