Ramani na Mtaa wa Matuta

Walimwita Ramani, na kosa lake la kwanza lilikuwa kuliamini hilo jina. Alikuwa dereva wa teksi, mtu wa makamo mwenye kitambi kilichozoeana na usukani, na wenzake kituoni walipopotea njia walimpigia simu yeye. Mtajie mtaa wowote, atakuambia uingilie wapi, utokee wapi, na askari wa barabarani amejibanza nyuma ya mti gani. Kwa hiyo siku mwenye nyumba alipopanda ngazi kuwaambia wapangaji kwamba jengo limeuzwa, litabomolewa pawe maegesho ya magari, wengine walishika vichwa, Ramani akajipiga kifua.

"Kuhangaika kutafuta nyumba ni kazi ya wasioujua mji," alimwambia mkewe. "Mimi mtaa nitauchagua nimekaa hapahapa."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na hakujibu kwa sababu alikuwa na pini mdomoni. Alikuwa na tabia ya kutia pini mdomoni kila mumewe alipoanza kujisifu.

Aliyejibu ni mama yake Ramani, aliyekuwa akikunja nguo za wajukuu kwa kupapasa mishono. Macho ya bibi yule yalikuwa yanapoteza nuru. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Alichobakiwa nacho ni mwanga na vivuli. Lakini jengo lile alilijua kwa mikono na miguu. Kila asubuhi alishuka ngazi peke yake na fimbo yake, akavuka uchochoro hadi dukani, akanunua majani ya chai, akabishana na mwenye duka kuhusu mizani yake, akapanda tena akiwa na habari za jengo zima.

"Mwanangu," alisema, "nihamishie popote utakapo. Ila usinihamishie kwenye kiti."

Ramani alicheka, kisha akaacha. Alimkumbuka mama yake mkubwa. Huyo naye alipopofuka aliwekwa kwenye kiti barazani kwa mwanawe, kwa mapenzi tele, akaletewa kila kitu palepale, chakula, redio, mto wa mgongo, mpaka siku walipomwinua pale kwa mara ya mwisho.

"Kitini hukai, Mama," alisema. Na ahadi kwa mama si deni la dukani.

Basi akaanza kulinganisha mitaa, na hapo ndipo ramani ilipoanza kuchanika. Mtaa wa karibu na soko aliukataa kwa sababu hakuna pa kugeuzia gari. Wa kilimani unakula breki. Wa viwandani una misumari barabarani. Mkewe alitoa pini mdomoni akauliza huko kilimani maji yanatoka, na shule iko mbali? Ramani alifikiri sana, akajibu kwamba habari za maji hana, ila kona zake ni kali.

"Na nyuma ya stesheni je?" mkewe aliuliza. "Nina mteja anakaa kule. Anasema watu wa kule ni wazuri, na vyumba vipo."

Chai nusura impalie. "Mtaa wa Matuta?"

Jina hilo alilitunga yeye. Hapakuwa na barabara yenye matuta kama ile, na wenyeji waliyamwaga wenyewe, saruji kwa kifusi, bila kumwomba mtu ruhusa. Ramani aliwahi kuacha ekzosi nzima pale, akarudi kuiokota kwa miguu huku watoto wakimsindikiza. Tangu siku hiyo alikuwa na matusi maalumu kwa mtaa ule, na kituoni waliyapenda, wakimwomba ayarudie.

"Pale si mahali pa kuishi, mke wangu. Pale ni njia ya mkato."

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo," mkewe alisema, akarudisha pini mdomoni.

Moyo wa Ramani ulikuwa pembezoni mwa mji, kwenye mtaa mpya ambako lami ilikuwa nyororo, pana, haina hata kovu. Akaenda peke yake kuitazama nyumba. Alisimamisha gari mbele ya geti, akapiga honi, maana kwake honi ndiyo hodi. Mlango uliofunguka ni wa jirani. Akatoka bwana mmoja na sanduku, akaliingiza kwenye buti mwenyewe, akakaa kiti cha nyuma.

"Uwanja wa ndege, na nimeshachelewa."

Ramani alifungua kinywa aseme kwamba leo hakuja kama dereva, amekuja kama baba wa familia. Mguu wake, ambao haujawahi kuwa baba wa familia, ukakanyaga mafuta.

Jioni mkewe akauliza nyumba ikoje.

"Geti lake zuri," alisema Ramani.

Usiku huo alijicheka, halafu akaona haya kwelikweli. Miaka yote hiyo akiwarudisha watu makwao, na hakuna kwao hata kumoja alikowahi kupita geti. Alijua watu wote wa mji huu wanakaa wapi, ila hajui wanakaaje.

Jumapili akawachukua mkewe na mama yake waende wote. Nyumba ilikuwa nzuri, hilo lisemwe. Vigae, madirisha mapana, na chini ya dirisha moja palikuwa na nafasi ya cherehani, mwanga ukimwagika. Mkewe alisimama pale muda mrefu akiliangalia lile dirisha, na Ramani akajua kwamba ameshalipimia pazia.

"Duka liko wapi?" mama aliuliza.

"Ng'ambo tu ya barabara, Mama."

"Ngoja basi nikanunue chumvi."

Wakamwacha aende, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa shabaha ya safari. Alisimama ukingoni na fimbo yake, akatega sikio. Magari yalikuja kasi, moja kwa moja, na gari ukilisikia, tayari limeshafika. Akatanguliza mguu, akaurudisha. Akautanguliza tena. Gari likapita, upepo wake ukainua upindo wa gauni lake.

"Hii ndiyo lami, Mama," alisema Ramani, maana alipoogopa alizidi kuropoka. "Hapa hata ukibeba kikombe cha chai hakimwagiki."

"Ndiyo maana hawapunguzi mwendo."

Akageuka, akapapasa nyuma yake mpaka akaupata ukuta. Kisha akauliza taratibu, bila hasira yoyote, "Hicho kiti changu mtakiweka upande gani?"

Ramani alimshika mkono.  Akajiona mjinga kuliko wajinga wote aliowahi kuwabeba.

Wakaanza safari ya kurudi. Karibu na mjini foleni ikawa ndefu, kwa hiyo Ramani akakunja nyuma ya stesheni. Tuta la kwanza likawarusha, la pili likakwangua chini ya gari.

"Samahani, Mama. Tunatoka sasa hivi."

"Shusha kioo," mama alisema.

Mbele yao lilikuwa linakuja lori. Lilipiga breki, likabadili gia, likashuka tuta kwa kishindo, likapiga breki tena. Nyuma yake gari dogo likafanya vilevile.

"Mbona yote yanapiga magoti?"

"Ni matuta, Mama. Wenyeji wameyaweka, watu wabishi kweli hawa."

"Wamemwekea nani?"

 Ramani alikuwa ameyatukana matuta yale kwa ufundi mkubwa, na hilo swali halikuwahi kumpitia kichwani.

"Simamisha gari," mama alisema.

Alishuka, akaligonga tuta kwa fimbo. Lilianzia ukingo huu likaishia ukingo ule, kama ukuta mfupi uliolala. Akaiegemeza fimbo ubavuni mwa tuta, akaanza kulifuata. Ramani akafungua mlango amkimbilie, mkewe akamvuta shati. Gari likaja, likapunguza kwa sababu halina budi, likasimama, likangoja. Mama akafika ng'ambo.

"Karibu, mama," sauti ya mwanamke ilitoka kwenye duka lililokuwa pale. "Hapo mbele yako kuna ngazi moja, inua mguu."

Alirudi njia ileile na pakiti ya chumvi. Alikuwa amekwishaanza kulalamikia bei.

"Mwenye macho haambiwi tazama," mkewe alimnong'oneza Ramani, huku akijifuta machozi kwa ukingo wa mkono. "Wewe umeambiwa mara ngapi?"

Wakahamia nyuma ya stesheni. Dirisha la kule pembezoni mkewe hakulitaja tena. Cherehani ilikaa mlangoni, na mwanga aliugawana na wapita njia. Kituoni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wenzake walimuuliza anakaa wapi siku hizi, wakijua, ili tu wamsikie akitamka, kisha wakacheka mpaka wakashikilia magari. Ekzosi ikadondoka tena. Safari hii akafunga mpya kabisa, na gari ambalo mama alikuwa akilitambua kwa kikohozi chake tangu barabara kuu likawa halitofautiani na mengine.

Mchana mmoja alimbeba abiria mwenye haraka, aliyemtaka apite njia ya mkato. Kwenye tuta la tatu abiria akasonya.

"Nani aliyeyamwaga haya madude?"

Matusi ya zamani yalikuwa bado yanaijua njia ya ulimini kwa Ramani. Lakini mguu ulikwishakanyaga breki. Mbele ya gari fimbo ilikuwa inalifuata tuta, na nyuma ya fimbo alikuwa mama yake, peke yake, mgongo umenyooka, pakiti ya majani ya chai kwapani.

Mkono wa Ramani ulikuwa umeshafika kwenye honi. Akauondoa, akauweka pajani.

Mama alifika usawa wa boneti, akaigusa kwa vidole.

"Asante, dereva," alisema, kama alivyowaambia madereva wote. "Mungu akutunze."

Ramani akamfuata kwa macho. 

"Mbona hatuendi?" abiria aliuliza.

"Kuna mama anavuka."

"Si umwambie afanye haraka."

"Hapana," alisema Ramani. "Mwache. Anatoka dukani."