Jina Alilotaja Tusekile

Siku ile naikumbuka, mwanangu, ila kichwani mwangu haijawahi kukaa sawa. Kila nikiipanga inanivurugikia. Nisikilize hivyo hivyo, kwa sababu mkeo anakaribia kujifungua, na jana nilisikia wanawake pale kwenu wakianza minong'ono yao.

Kabla hajamwoa mama yako, baba yako Ambokile alikuwa na mke, Tusekile. Hilo unalijua. Usilolijua ni jinsi alivyofariki. Tulikuwa tunakaa mlimani, juu ya Uyole, nami, shangazi yako, nilikuwa binti wa miaka kumi na saba, mjuaji kweli kweli. Tusekile alikuwa wifi yangu, tukilima na kucheka pamoja. Nilimpenda.

Uchungu wa kuzaa ulimshika tangu jana yake. Asubuhi mtoto alikuwa hajatoka, na bibi yako, mama yetu, akatamka yale yaliyokuwa yakisemwa kwetu: uzazi ukigoma, mwanamke ana mwanamume mwingine, na mpaka amtaje, mtoto hatoki. Kumuuliza ilikuwa kazi ya wifi. Basi nikapiga magoti kando ya mkeka, mimi ambaye sikujua lolote kuhusu kuzaa.

"Wifi, sema tu. Hakuna atakayekuchukia."

"Sina mtu mimi. Nipelekeni hospitali."

"Ukisema utajifungua."

Nje kulikuwa na pikapu ya jirani ikipakia viazi vya kupeleka sokoni Uyole. Tuliiona kabisa kutoka mlangoni. Hata leo sielewi kwa nini hakuna aliyekwenda kuiomba. Baba yako alikaa nje kwenye gogo, hataki kumtazama mtu. Nami nikaendelea kuuliza mpaka jua likapanda, na nisikufiche, siku ile nilijiona mtu mkubwa.

Mwishowe akasema, "Jailosi."

Ungedhani sasa tungembeba tukaondoka. Wapi! Ukazuka ubishi: Jailosi yupi? Wa mashine ya kusaga alikuwa mzee asiyeona. Mwingine alikuwa mtoto wa darasa la tatu. Jirani mmoja akadai yuko Jailosi aliyepita kununua pareto, mwenzake akasema yule ni Jeremia. Watu wazima, mwanangu, wanagombania jina na mgonjwa anawasikia. Dereva wa pikapu ndiye aliyekuja mlangoni kuuliza kuna nini. Alipomwona, akatugombeza wote, akashusha nusu ya magunia yake na kumpakia.

Njiani nilimpakata kichwa. Tulipofika kwenye lami akanishika mkono.

"Wifi, hakuna Jailosi. Nimetaja ili mninyanyue."

Hospitali muuguzi alituambia mtoto alikuwa amekingama tumboni na kizazi kimepasuka. Tungewahi wangemfanyia upasuaji, na pengine wote wawili wangekuwa hai. Hawakupona.

Msibani watu bado walikuwa wanamtafuta Jailosi, nami nikanyamaza. Kwa nini? Nimejiuliza shambani, nimejiuliza kanisani. Nilimwogopa mama? Au niliona kwamba Tusekile akiwa hana kosa, basi kosa ni langu? Sijui. Ilipita miaka mingi ndipo nikamwambia baba yako kwamba Jailosi hakuwepo. Aliniuliza mara mbili, "Hakuwepo?" Kisha akachukua jembe akaenda zake, na hatukulizungumza tena. Kama nilimtua mzigo au nilimwongezea, nalo silijui.

Ninalolijua ni hili. Mtoto akikwama, hajakwama kwa sababu ya mwanamume yeyote. Ongea leo na mwenye gari au bajaji, namba yake ikae kwenye simu yako. Kliniki mkeo asiikose, na wewe uende naye. Siku zikikaribia, mshushe mjini akae karibu na hospitali. Uchungu ukianza, ondokeni. Damu ikitoka, ondokeni mbio. Dunia nzima watu wanahangaika mwanamke asife akizaa, wamesomesha wakunga, wamejenga vyumba vya upasuaji, na vyote hivyo havimsaidii aliye kwenye mkeka akihojiwa. Na yeyote atakayemuuliza mkeo jina la mtu, hata awe mama yako, hata niwe mimi, mtoe nje.

Mungu amvushe mkeo, mwanangu. Ampe nguvu ya kuzaa na uhai wa kulea, nawe akupe miguu myepesi.